Leaf, Note e-Power au haidrojeni: gari la umeme la Nairobi lipate stima wapi?

Katika yadi moja ya magari Ngong Road, magari mawili yameegeshwa ubavu kwa ubavu. Yote meupe, yote kutoka Japani, na yote yamebandikwa karatasi ileile kwenye kioo: GARI LA UMEME. La kushoto ni Nissan Leaf, la kulia ni Nissan Note e-Power. Binamu yangu alinipigia simu akiwa amesimama katikati yake. "Kaka, kama yote ni ya umeme, mbona hili lina tundu la petroli?"

Aliuliza swali kubwa kuliko alivyodhani. Magurudumu ya magari yote mawili yanazungushwa na mota ya umeme. Tofauti iko kwenye chanzo cha stima. Leaf unaichomeka ukutani kama simu. Note ina injini ya petroli ya lita 1.2 ambayo haigusi magurudumu hata kidogo. Kazi yake ni kuzalisha umeme, kama jenereta ya dukani stima ikipotea. Kuna la tatu, Toyota Mirai, linalojitengenezea umeme safarini kutokana na gesi ya haidrojeni. Kuna pia Mitsubishi Outlander ya kuchomeka, inayokula kotekote, stima na petroli. Nimeulizwa kuhusu haya yote mara nyingi, nikaona niyapime pamoja kwa ajili ya mtu anayeishi Nairobi hii, anayelipa kodi ya nyumba na kununua tokeni.

Msimamo wangu niuseme mapema. Ukiwa na mahali pa kuchomeka gari usiku, nunua la betri. Ukiwa huna, chukua e-Power au haibridi ya kawaida, yaani ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme, wala usione haya. Haidrojeni tuwaachie watengeneza mbolea.

Stima ya ukutani

Soketi za nyumba zetu ni za volti 240. Kebo ya kuchaji polepole huvuta kama ampea 10, kwa hiyo kila saa inaingiza uniti (yaani kilowati-saa) mbili na ushee. Ukichomeka saa nne usiku na kuchomoa saa kumi na mbili asubuhi, umepata uniti 18 hivi. Leaf ikizunguka mjini hula uniti 15 au 16 kwa kilomita 100, na nyingine mbili hivi hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Basi usiku mmoja wa soketi ya kawaida ni kilomita 100. Mtu anayetoka Kasarani kwenda Upper Hill na kurudi hafikishi hata 40. Ndiyo maana sishtuki nikisikia kwamba Nairobi haina vituo vya kutosha vya kuchajia. Mwenye soketi pale gari linapolala ana kituo chake tayari.

Na stima yenyewe inanipa fahari. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, jua, na upepo wa Ziwa Turkana, ambako mitambo 365 imesimama karibu na Loiyangalani. Usiku wa manane nchi ikilala, matumizi hushuka hadi sehemu ya mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Gari linalochajiwa saa nane usiku linakunywa kitu ambacho kingepotea. Petroli inakuja kwa meli, inanunuliwa kwa dola, na moshi wake tunauvuta sisi pale Jogoo Road, kina mama wakivuka na watoto mgongoni. Jambo hili linaniuma, na sitajifanya ninalinganisha magari haya kana kwamba haliniumi.

Mwaka 2023 Kenya Power ilianza kutoza bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo inataka mita yake peke yake. Wengi wetu tunaochaji nyumbani tunalipa bei ya nyumba, ambayo tozo zote zikishaingia hukaribia shilingi 30. Tena bei ya nyumba hupanda wastani wako ukivuka uniti 100 kwa mwezi. Gari la kilomita 1,000 kwa mwezi linataka uniti 180 peke yake, kwa hiyo ukinunua tokeni utapata uniti chache kuliko ulivyozoea kwa pesa zilezile. Usikimbilie kuripoti mita mbovu.

Hesabu ya kilomita 100 nimeifanya kwa petroli ya shilingi 180 kwa lita na uniti ya shilingi 30. Badilisha uweke bei za siku yako.

| Gari | Linakula nini | Shilingi |
|---|---|---|
| Petroli ya kawaida, 1500cc, mjini | lita 8.3 | 1,500 |
| Note e-Power | lita 5.3 | 950 |
| Outlander ya kuchomeka, ikitumia betri tu | uniti 23 | 690 |
| Leaf, ikichajiwa nyumbani | uniti 18 | 540 |
| Mirai, kama haidrojeni ingetengenezwa hapa | uniti 50 | 1,500 |

Kumbuka kwamba katikati ya Oktoba 2023 lita moja ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36. Mwezi huo mstari wa kwanza ungesoma 1,800. Stima pia hupanda na kushuka, lakini haijawahi kunishtua kama tangazo la bei za mafuta la EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, la kila tarehe 14.

Hesabu za betri

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji wala kwa kiyoyozi. Inategemea hewa inayopita. Joto ndilo adui yake mkubwa, na katika hilo Nairobi imebarikiwa: tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai hata binadamu anatafuta sweta. Leaf ya Nairobi huzeeka polepole kuliko ingezeeka Mombasa. Ila hujui ilikoishi kabla ya kukufikia.

Upande wa kulia wa dashibodi kuna vijiti vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Betri mpya ina vijiti 12. Cha kwanza kikianguka, betri imepoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Vinavyofuata huanguka kwa hatua ndogo zaidi. Usivichanganye na vijiti vya chaji vilivyo kando yake. Muuzaji mjanja atakuonyesha chaji imejaa na kukuambia betri ni nzima, ilhali hayo ni mambo mawili. Nenda na kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya Leaf Spy kwenye simu, usome asilimia ya afya kwa macho yako. Yadi ikikataa usipime, ondoka.

Leaf za kwanza, zenye betri ya kilowati-saa 24, zilikadiriwa kilomita 117 hadi 135 zikiwa mpya, kutegemea mwaka. Sheria yetu ya kuingiza nchini magari yasiyozidi miaka 8 imezifungia mlango, kwa hiyo unazozikuta sokoni sasa zimeshatumika hapahapa Kenya. Yenye vijiti 9 itakupa kilomita 80 au 90, inayotosha kabisa kwa mwalimu wa Buruburu anayefundisha South B, ila Nakuru asiote. Nakuru ni kilomita 160 hivi, na kabla hujateremka bonde unapanda Limuru kwanza. Leaf ya kilowati-saa 40, iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2017, ilikadiriwa kilomita 240 ikiwa mpya. Hiyo inafika Nakuru na kukuachia akiba. Kwa safari ya Mombasa mara kwa mara, mimi nisingeichagua.

Angalia pia mdomo wa kuchajia. Leaf hutumia CHAdeMO kwa chaji ya haraka, na magari mapya mengi yanayoingia sasa yanatumia midomo mingine. Kabla ya kutegemea kituo fulani cha maduka makubwa, nenda ukakione na uulize kama kina mdomo wako.

Sifa moja haitajwi sana madukani. Injini ya petroli isiyo na turbo ya kuisukumia hewa hupoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu zake kwa sababu hewa ya Nairobi ni nyepesi. Mota ya umeme haipumui. Pandisha Leaf kutoka Uthiru kwenda Limuru utaelewa, na ukirudi mteremko wote unaijaza chaji badala ya kuunguza breki.

Stima ikipotea je? Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Gari langu lilikuwa na nusu chaji, likanihudumia Jumamosi yote. Usiache gari lishuke chini ya robo, na tatizo hili linapungua sana. Pampu za petroli nazo zinaendeshwa na stima.

Gari lako linalala wapi?

Hili ndilo linaloamua, kuliko chapa na kuliko bei.

Wengi wa Nairobi tumepanga. Chukua ploti ya ghorofa sita Roysambu: magari kumi na mawili chini, mita zote kwenye kisanduku kimoja langoni, na keateka anayejua kila mtu ameingia saa ngapi. Nimeshuhudia waya wa ekstensheni ukiteremshwa kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, ukipitia kwenye kamba za nguo, nusu yake ikiwa bado imeviringishwa kwenye kigurudumu chake. Waya ulioviringishwa hivyo ukibeba ampea 10 saa nane mfululizo hupata joto hadi plastiki inalainika. Nakusihi usifanye hivyo. Chini ya huo waya watoto hucheza.

Njia ya halali ipo: soketi ya nje yenye waya wake na kikata-umeme chake, iliyofungwa na fundi mwenye leseni ya EPRA, na mita ndogo ya kuhesabu uniti zako ili majirani wasikulipie. Si kazi kubwa. Kikwazo huwa ni mwenye nyumba, na anakataa mara nyingi kwa sababu hakuna aliyemweleza. Mpelekee hesabu: gari linavuta stima karibu sawa na birika la kuchemshia maji, ila kwa saa nyingi. Mwambie gharama ni yako. Akikataa baada ya hapo, heshimu neno lake na usome sehemu inayofuata.

Note e-Power na ndugu zake

Kwanza tuliweke wazi: e-Power haichomekwi. Kuiuza kwa jina la gari la umeme bila maelezo ni kumpotosha mteja. Kila kilomita yake inatoka kwenye petroli. Betri yake ni ya kilowati-saa 1.5 tu, ya kuhifadhi kidogo na kutoa kidogo.

Baada ya kusema hivyo, ni gari zuri sana kwa jiji hili. Jam ya Mombasa Road, inayoua injini za kawaida kwa kusimama na kuondoka, ndipo e-Power hung'aa, kwa sababu ikisimama injini huzima na ikipunguza mwendo mota hurudisha chaji. Kwa petroli ya kawaida utahesabu kilomita 12 kwa lita. Kwa Note utapata 18 hadi 20. Kwenye barabara kuu faida hiyo hupungua, maana kwa mwendo wa kasi injini inalazimika kuzalisha umeme muda wote. Anayesafiri kila wiki asitarajie maajabu ya mjini.

Toyota Aqua, Prius na Honda Fit haibridi ziko kundi hilohilo kwa upande wa mfuko. Faida yao ni kwamba mafundi wameshazizoea na vipuri vinapatikana Kirinyaga Road. Tahadhari ni moja, nayo haigharimu kitu: betri ya haibridi hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti. Vumbi letu na nywele za mbwa huliziba. Lisafishe kila mara unapobadilisha oili. Betri nyingi zinazotangazwa kuwa zimekufa zilianza kwa kukosa hewa.

Outlander ya kuchomeka nitaipita upesi. Betri yake, kilowati-saa 12 kwa matoleo ya mwanzo, inatosha safari ya kazini, na petroli inakufikisha ushago Krismasi. Inamfaa mwenye soketi nyumbani na familia kubwa. Asiye na soketi ataishia kubeba betri nzito asiyoitumia.

Haidrojeni

Mirai inavutia, na naelewa kwa nini. Unajaza chini ya dakika tano, unakwenda kilomita 600 na zaidi, na kinachotoka nyuma ni maji. Kilo 5.6 za gesi hukaa kwenye mitungi kwa shinikizo la bar 700. Gesi hiyo hupita kwenye seli, inakutana na oksijeni ya hewani, na umeme unazaliwa.

Shida inaanza kabla ya gari. Kilo moja ya haidrojeni hubeba nishati ya uniti 33. Kuitoa kwenye maji kwa umeme kunakula uniti 50 au zaidi, kisha unaongeza za kuikandamiza ndani ya mtungi. Seli ya garini nayo hurudisha kama nusu tu ya kilichobaki. Jumla yake, kilomita 100 za Mirai zinahitaji uniti 50 kwenye chanzo. Leaf inafanya safari hiyo kwa 18. Uniti zilezile za Olkaria zinasogeza gari moja la haidrojeni au karibu magari matatu ya betri. Kwa nchi ambayo jioni mitambo yake inahangaika kukidhi mahitaji, kuchagua la kwanza ni kutupa stima.

Wenye pesa kutuzidi wameshajaribu. Shell ilifunga vituo vyake vya haidrojeni vya magari madogo Uingereza mwaka 2022 na California mwaka 2024. Huko California bei ilipanda mwaka 2023 hadi dola 36 kwa kilo, yaani kujaza Mirai kulikaribia dola 200. Kwa hiyo ukiona Mirai ya bei ya kutupa kwenye mnada wa Japani, ujue imetupwa kwa sababu. Kenya hakuna pampu ya kuijaza, na mitungi yake ina mwisho wa kutumika, miaka 15 tangu itengenezwe.

Haidrojeni yenyewe siidharau. Mkakati wa haidrojeni wa Kenya uliozinduliwa Septemba 2023, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Afrika hapa Nairobi, umeweka mbele mbolea, ambayo hutengenezwa kwa haidrojeni, na hapo nakubaliana nao kabisa. Mkulima wa Trans Nzoia anaihitaji haidrojeni ya Olkaria kuliko mimi na safari yangu ya Westlands.

Mengine unayosikia

Kubadilisha betri badala ya kuchaji kunafanya kazi vizuri kwa bodaboda. Ampersand, Spiro na ARC Ride wanampa mwendeshaji betri iliyojaa kwa dakika chache, anarudi barabarani. Kasoro ni kwamba betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Kwa magari, Better Place ilijaribu Israel ikafilisika mwaka 2013. Betri ya gari ina mamia ya kilo na hapa hakuna anayetoa huduma hiyo. Mabasi ya BasiGo, yaliyoanza Nairobi 2022, huchomekwa tu kama Leaf.

Mafuta ya mimea tumeyaonja. Miaka ya 1980 petroli ya Kenya ilichanganywa na ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni. Baadaye likaja wimbi la mbono kaburi (jatropha), mmea wa mbegu za mafuta, wakulima wakapanda, mavuno yakawaangusha. Sasa Makueni kuna kiwanda cha kukamua mbegu za mafuta kilichoanza 2022, na mafuta yake huenda Italia. Hakuna cha kuweka tangini kwako leo.

Sola ya paani ni ndoto tamu, nami ninayo. Lakini jua la Nairobi linawaka wakati gari liko kazini. Paneli za kilowati 3 zinaweza kutoa uniti 12 siku nzuri, nusu yake siku ya mawingu ya Julai, na bila betri nyingine ya nyumbani zote zinakukosa. Inafaa sana kwa anayefanyia kazi nyumbani, au ofisi iliyo tayari kuweka paneli juu ya maegesho yake.

Binamu yangu aliondoka yadi bila kulipa. Leaf ile ilikuwa na vijiti 8. Alirudi Kasarani, akamtafuta mzee mwenye ploti Jumapili baada ya kanisa, akamweleza habari za mita ndogo. Mzee alikubali kwa sharti kwamba soketi ibaki ukutani siku mpangaji akihama. Fundi alikuja Alhamisi, akamaliza kabla ya chakula cha mchana. Sasa anatafuta ya kilowati-saa 40 moja kwa moja kutoka Japani, na kila usiku ananitumia picha za dashibodi tuhesabu vijiti pamoja.